Ficha Siku, Usimfiche Mtu: Kumbukumbu za Picha Zinazojitokeza Kwenye Simu

Swali: "Mume wangu aliugua kuanzia Februari 2023, tukamzika Ugunja tarehe 20 Mei mwaka huohuo. Mimi niko Kisumu, nauza nguo Kibuye. Simu yangu ndiyo ya M-Pesa, na ndiyo watoto wanayofanyia kazi ya shule. Karibu kila wiki, na ukifika mwezi wa Mei karibu kila siku, inalia na kuniambia nitazame picha za miaka iliyopita: mara yeye kitandani hospitalini, mara jeneza linashushwa. Juzi ilitokea nikiwa na mteja. Kitinda mimba wetu wa miaka tisa ameziona pia. Kijana wangu wa kidato cha pili anasema nifute programu yote. Mtu wa saiba ananiambia Google huzitangaza picha hizo kwa kila mtu. Mama mkwe anasema ni marehemu anataka tumkumbuke. Mimi sitaki kumsahau. Picha zake nzuri hata zikijitokeza nitafurahi. Hizi nyingine ndizo siziwezi. Nifanye nini? Na simu yake, ambayo iko kwa shemeji na imezimwa tangu mwaka jana, niifanyeje?"

Dada, pole sana kwa msiba huo, na pole tena kwa kupigwa nao upya ukiwa kwenye meza ya biashara. Nimelisoma swali lako nikaona mambo mawili unayoyataka kwa pamoja: picha za ugonjwa na mazishi zinyamaze, na picha za mume wako akiwa mzima zibaki na hata zije zenyewe zikitaka. Yote mawili yanawezekana, na hutapoteza picha hata moja. Ila kuna kitufe kimoja ambacho watu wengi hukikimbilia, na kwako kitafanya kinyume kabisa cha unachotaka. Nitakifikia.

Kwanza niyaondoe uliyoambiwa. Mtu wa saiba amekosea. Kumbukumbu hizo huonekana kwenye akaunti yako tu. Mtu mwingine anaweza kuziona kwa njia chache: awe ameingia kwa akaunti yako kwenye simu yake, awe ameshika simu yako, au wewe mwenyewe uwe umemtumia au umeweka picha kwenye albamu ya pamoja. Kama mume wako aliwahi kuingia kwa akaunti yako kwenye simu yake, hilo ni la kukagua, na tutalirudia mwishoni.

Kijana wako ana huruma, ila ushauri wake una hatari. Kuondoa programu ya Google Photos, ile ya Google inayotunza picha za simu, hakufuti picha zilizokwisha kupanda kwenye wingu, yaani hifadhi yako ya mtandaoni. Zinabaki kwenye akaunti. Hatari iko kwa anayefungua programu na kuanza kufuta picha moja moja ndani yake. Ukifuta picha iliyohifadhiwa ukiwa ndani ya Google Photos, inaondoka kwenye simu na kwenye wingu kwa wakati mmoja. Hukaa kwenye tupio siku 60 kisha hutoweka moja kwa moja. Watu wengi hudhani wanafuta nakala ya simu tu, na hugundua miezi mitatu baadaye. Mwambie kijana asifute chochote, wala asiguse sehemu ya kufuta data ya programu.

Kuhusu mama mkwe, imani yake ni yake na sina la kuipinga. Ninachoweza kukueleza ni namna simu inavyochagua, kwa sababu ukishaelewa hapo utajua pa kuizuia.

Kila picha inayopigwa kwa simu hubeba ndani yake tarehe na saa, na mara nyingi mahali ilipopigwa. Google Photos iliweka sehemu hii ya kumbukumbu (Memories) mwaka 2019. Kazi yake ya msingi ni rahisi: inatazama tarehe ya leo, inarudi nyuma mwaka mmoja, miwili, mitatu, na kukusanya ulichopiga siku au wiki kama hiyo. Juu ya hapo inatambua nyuso na kuzipanga mafungu, fungu moja kwa kila mtu. Haijui jeneza ni kitu cha kuliza. Na ukitazama kwa macho ya mashine, mazishi ya kwetu yanafanana sana na harusi: mahema, viti vya kukodi, maua, watu mia kadhaa wamevaa vizuri, ukoo mzima umekusanyika mahali pamoja, na picha nyingi kwa siku moja. Siku ya namna hiyo ndiyo programu inayoiona kuwa muhimu. Ndiyo maana Mei inakuumiza kuliko miezi mingine. Hukukosea popote katika kutumia simu yako. Hata Marekani, mwishoni mwa mwaka 2014, mtaalamu wa tovuti Eric Meyer aliletewa na Facebook picha ya binti yake aliyefariki mwaka huohuo, imezungushiwa mapambo ya sherehe kama muhtasari wa mwaka wake. Aliandika juu ya jambo hilo hadharani, na kampuni hizi zikaanza kuulizwa maswali kuhusu watu waliofiwa.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya yote, hakikisha ni programu gani inayokuletea. Arifa ikishuka, tazama jina dogo lililo juu yake. Ikiwa ni Photos, endelea na maelezo haya. Ikiwa ni Facebook, au ni programu ya picha iliyokuja na simu yenyewe kama ile ya Samsung inayotunga hadithi za picha, kuzima Google hakutasaidia kitu, na watu wengi hukwama hapo kwa wiki nzima wakidhani mipangilio haifanyi kazi.

Leo hii, anza na kelele. Fungua Google Photos, gusa picha yako au herufi ya jina lako kwenye kona ya juu kulia, ingia kwenye mipangilio ya picha, kisha arifa. Utaona aina za arifa zimeorodheshwa. Zima za kumbukumbu tu. Simu ikiwa ya Kiingereza neno utakaloliona ni Memories. Njia nyingine ya haraka: arifa ikishuka, ibonyeze bila kuachia mpaka mipangilio yake itokee, kisha uzime aina hiyo pekee. Tafadhali usizime arifa zote za programu. Kwa njia hiyohiyo ndiyo simu hukujulisha kwamba uhifadhi wa picha kwenye wingu (Backup) umesimama au nafasi imejaa. Akaunti ya bure ina GB 15 kwa picha, barua pepe na Drive (hifadhi ya faili ya Google) kwa pamoja, na ikijaa picha mpya haziendi kwenye wingu na barua pepe haziingii. Hilo ungependa kulijua mapema.

Ukishazima arifa, simu itaacha kulia mbele ya wateja. Lakini ukifungua programu kutafuta picha ya gauni, kumbukumbu zilezile bado zitakuwa zimejipanga pale juu. Arifa ni mlango tu, na zilizo ndani bado zipo. Kwa hiyo hatua ya pili ndiyo kubwa.

Rudi kwenye mipangilio ya picha, ingia mapendeleo, kisha kumbukumbu. Mpangilio wa kurasa hubadilika kidogo kutoka toleo moja hadi jingine, lakini utakuta sehemu ya kuficha watu na sehemu ya kuficha tarehe. Ingia ya tarehe. Itakuomba siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Unaweza kuingiza vipindi vingi, na hapa ndipo nakuomba ukae chini jioni moja na kalamu, usifanye kwa pupa.

Ukiweka kipindi kimoja kuanzia Februari 1 hadi Mei 31, 2023, utakuwa umemaliza kwa dakika moja. Ila ndani ya miezi hiyo huenda kuna siku za kupendeza: Pasaka ya tarehe 9 Aprili labda alikuwa na nafuu na mkapiga picha nyumbani, au mtoto alifunga shule. Tembeza picha zako za miezi hiyo, au mwombe mtu unayemwamini azitembeze kwa niaba yako kama macho yako hayajawa tayari, na muandike siku za hospitali na siku za msiba tu. Kisha ingiza kila kipindi peke yake. Msiba wenyewe uuanzie siku aliyofariki, upitie matanga na mazishi ya tarehe 20 Mei, na uuongeze wiki mbili mbele, kwa sababu picha za mazishi huendelea kuingia baada ya watu kurudi mjini. Kama mlifanya kumbukumbu ya mwaka mmoja Mei 2024, na kama picha za kaburi na za wazee wakilia ziko humo, ingiza na siku hizo.

Tarehe unazoficha ni zile ambazo picha zilipigwa. Ukificha tarehe 20 Mei 2023, picha za siku hiyo hazitaletwa tena kwenye kumbukumbu mwaka wowote, lakini picha ya tarehe 20 Mei 2019, yeye ameketi ufukweni Dunga akila samaki, itaweza kuja. Nadhani hilo ndilo unalolitaka. Na picha zilizofichwa hazijafutwa: ukitembeza programu ziko mahali pake, ukizitafuta zinapatikana, na siku ukibadilisha nia unarudi ukurasa uleule na kuiondoa tarehe.

Kuna kasoro moja itakayokusumbua nisipokutahadharisha, nayo ni WhatsApp. Picha ikipita WhatsApp hupoteza tarehe yake ya asili. Kwenye simu yako inahesabiwa kwa siku ilipoingia. Kwa hiyo binamu akituma picha za mazishi kwenye kundi la familia Agosti 2024, simu inazijua kuwa za Agosti 2024, na zitakurudia kila Agosti japo umefunga Mei yote. Ukiona picha ya namna hiyo, ifungue, itelezeshe juu, gusa tarehe na uirekebishe iwe ya siku ya mazishi. Hapo itaingia chini ya kipindi ulichokwisha kuficha. Ili zisiendelee kuingia, kwenye mipangilio ya uhifadhi ya Google Photos kuna orodha ya folda za simu. Zima ile ya picha za WhatsApp. Na ndani ya WhatsApp, kwenye maelezo ya kundi la kamati ya mazishi, kuna sehemu ya kuzuia picha za kundi hilo zisionekane kwenye maktaba ya simu. Hiyo huzuia zitakazokuja tu. Za zamani hubaki.

Na kile kitufe nilichokutajia mwanzoni ni cha kuficha watu. Unagusa uso wake, na programu inaacha kuleta kumbukumbu zenye uso huo. Watu waliofiwa hukimbilia hapo kwa sababu ndipo pepesi. Fikiria kinachobaki. Mashine inaficha kwa uso. Picha ya harusi yenu, anapobeba mtoto, anapocheka dukani, zote zina uso wake, zote zinaondoka. Picha ya jeneza lililofungwa, ya udongo mpya, ya gari la maiti, ya dripu iliyotundikwa, hazina uso wake, na hizo zitaendelea kuja. Utakuwa umeondoa tabasamu na kuacha kaburi. Kwa mtu asiyeweza kuona hata picha nzuri kwa sasa, kuficha uso na tarehe kwa pamoja ni sawa, hasa mwaka wa kwanza, na kunatenguliwa wakati wowote. Kwako, kwa jinsi ulivyoandika, ningeuacha uso wake wazi.

Ukiamua kuuficha siku moja, jua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mafungu mawili au matatu ya nyuso: moja akiwa mzima, jingine akiwa amekonda, jingine la ile picha iliyochapwa kwenye fulana na kwenye kijitabu cha ratiba ya mazishi. Yote itabidi yafichwe au yaunganishwe kwanza.

Zipo picha chache ambazo pengine hutaki mtoto akutane nazo hata akitembeza tu, kwa mfano za mwili wake hospitalini. Hizo zipeleke kwenye folda iliyofungwa ya Google Photos, inayofunguliwa kwa namba ya siri au alama ya kidole. Zikiingia humo hazitokei kwenye kumbukumbu, kwenye utafutaji wala kwenye orodha ya kawaida. Lakini sikiliza vizuri: kabla ya kuzihamisha, washa uhifadhi wa folda hiyo yenyewe kwenye mipangilio yake. Usipouwasha, picha hizo zitakuwa ndani ya simu hiyo tu, na simu ikiibiwa Kondele, au programu ikiondolewa, zimekwenda. Na namba ya kufungua simu isiwe ile ambayo mtoto anaijua, la sivyo hujafunga kitu.

Baada ya haya yote, kumbukumbu zilizokuwa tayari zimetungwa zinaweza kubaki kidogo kabla hazijaondoka. Zikiendelea baada ya siku chache, kagua mambo mawili. La kwanza ni kisanduku cha picha kwenye skrini ya mwanzo ya simu, kile kinachobadilisha picha chenyewe. Kibonyeze ukiburute ukiondoe. La pili ni akaunti ya pili. Simu nyingi za familia zina akaunti ya mama na ya mtoto wa shule, na kuficha tarehe kwenye moja hakugusi nyingine. Kuficha tarehe hufuata akaunti popote unapoingia. Kuzima arifa hufuata simu. Ukinunua simu mpya, tarehe zitakuwa bado zimefichwa ila arifa utazizima tena.

Kwa wasomaji wengine wenye iPhone: fungua kumbukumbu, gusa vitone vitatu, utapata njia ya kumwonyesha mtu huyo mara chache au kutomwonyesha kabisa, na kwenye mipangilio ya Picha unaweza kuzima maudhui yanayopendekezwa. Kwenye Facebook, ingia menyu, sehemu ya kumbukumbu, kisha alama ya mipangilio: kuna kuficha watu, kuficha tarehe, na kuzima arifa kabisa.

Mtoto wa miaka tisa. Usimwambie simu imeharibika. Mwambie kwamba simu ilikuwa inaleta picha za siku ya huzuni na mama ameiambia iache, kisha mkae naye mchague pamoja picha kumi za baba alizozipenda, muweke kwenye albamu yenye jina la baba. Mtoto akijua mahali pa kumpata baba yake kwa hiari, ile nyingine inapungua nguvu. Akianza kuota vibaya mfululizo, kukojoa kitandani au kukataa shule, mpeleke kwa mshauri nasaha. Childline Kenya inapokea simu bure kwa 116. Na wewe, kama usingizi hauji, chakula hakishuki au kazi imekushinda kwa wiki kadhaa, hayo simu haiwezi kuyatibu kwa mipangilio yoyote. Hospitali kubwa za kaunti zina washauri, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina laini ya bure ya 1199. Usingoje mpaka Mei nyingine.

Nimalizie na simu yake, na hapa nakuomba uharakishe kuliko kwenye arifa. Tangu mwaka 2023 sera ya Google inasema akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, picha zikiwamo. Simu iliyozimwa ndani ya sanduku haihesabiwi kuwa inatumika. Mwombe shemeji aitoe, aichaji taratibu, aiunganishe na Wi-Fi na kufungua Google Photos ndani yake. Tazama ni akaunti ya nani iliyoko humo: yake, au yako. Ikiwa ni yake, tazama pia kama uhifadhi ulikuwa umewashwa. Kama haukuwashwa, picha zake za mwisho ziko kwenye simu hiyo pekee. Uwashe, uiache kwenye chaja mpaka ikuambie imemaliza.

Msipoijua namba ya kufungulia, msimpe fundi aiflashi. Kuflashi kunafuta kila kitu kilichomo, na fundi atakurudishia simu safi isiyo na mume wako. Ipo njia rasmi: Google ina fomu mtandaoni ya jamaa wa aliyefariki kuomba data ya akaunti. Utahitaji kitambulisho chako na cheti cha kifo, kile kinachotolewa na msajili wa serikali; kibali cha mazishi hakitoshi. Hawatakupa nenosiri kamwe, na wanaweza kukataa, lakini ombi ni la bure. Mtu yeyote anayekuambia atakufungulia akaunti kwa pesa, mjini au mtandaoni, usimpe hata shilingi. Angalia vilevile laini yake ya simu, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, na ujumbe wa kurejesha akaunti ungekwenda kwa mgeni.

Akaunti ikifunguka, tengeneza humo albamu ya pamoja, jialike, kisha kwenye simu yako gusa sehemu ya kuhifadhi ili picha ziingie kwenye akaunti yako. Usiishie kuzitazama tu ndani ya albamu: akaunti yake ikifutwa, ulichokuwa hujahifadhi kitatoweka nayo. Hesabu nafasi yako kwanza, maana zitakula kutoka kwenye zile GB 15 zako. Na kwa kuwa zitaingia na tarehe zake, siku ulizokwisha kuficha zitazikinga hizo pia, na zile za 2015, 2018 na 2021 zitakuja kwako asubuhi moja bila wewe kuzitafuta.